Mimi Niliyekuwapo

Gazeti lilifika Voi siku ya Alhamisi kwa gari la moshi, na kabla jua halijatua Phineas alikuwa ameshalisoma kwa sauti mara tatu. Mara ya kwanza alilisomea stesheni, hata kabla ya kutafuta mahali pa kukaa. Mara ya pili aliwasomea makarani wenzake katika afisi ya shamba la katani. Mara ya tatu ilikuwa nyumbani kwake, mtaa wa Kaloleni, mbele ya wageni wanne aliowaokota njiani kama mtu anayeokota kuni. Mkewe, Loise, alikuwa jikoni na mtoto mgongoni, akiwachemshia chai watu ambao hakuambiwa wanakuja.

Huyu Phineas ni lazima umjue, maana wapo wengi wa namna yake hata leo. Alikuwa mwandishi wa makala. Kila mwezi gazeti la Taa ya Nyumbani lilimpa ukurasa, na kila makala yake ilianza kwa neno moja: Mimi. Mimi niliyekuwa mtumwa wa pombe hata nikaokoka. Na mtu mwenyewe pombe hajawahi kuigusa, uji ukichacha kidogo tu unamharisha. Mimi niliyechimba matuta ya shamba langu kwa mikono hii miwili. Na mikono hiyo ilikuwa laini kama ya bibi harusi, kwa sababu matuta aliyachimba Loise akiwa na mimba ya miezi sita. Mimi niliyesoma kwa mwanga wa mwezi kwa umaskini. Lo! Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi, Ndara nzima ikimjua, na taa za mafuta mbili nyumbani.

Lakini watu walimpenda. Walisema, bwana huyu hasemi ya kuambiwa, anasema yaliyompata. Walimu waliwasomea watoto makala zake darasani, wakasema, mnaona jinsi anavyoandika mtu aliyepitia? Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma kutoka Voi mpaka Taveta.

"Haya, kimya basi," alisema Phineas sebuleni. Alikohoa, akanyoosha tai. "Kichwa chake ni hiki: Siku Niliyombeba Mwanangu."

Jikoni, mkono wa Loise ulisimama juu ya sufuria.

"'Mimi niliyekuwapo ndiye ninayewaambia,'" alisoma. "'Mwanangu Mshai alikuwa na miaka minne. Homa ilimshika Ijumaa, akiwa kwa mama mkwe wangu kule milimani Chawia. Nikasema, mtoto apelekwe hospitali. Mama mkwe akasema, la, kwanza tutatasa. Ndugu wasomaji, mnakujua kutasa. Mzee hujaza kinywa maji ya muwa, akayapuliza huku na huku, akiitoa hasira ya moyoni ili mgonjwa apone. Siku tatu muwa ulitafunwa, siku tatu mwanangu akaungua. Jumatatu nikasema, basi! Nikamfunga mgongoni kwa blanketi lenye mistari myekundu, nikavuka milima kwenda hospitali ya Wesu, mvua ikininyeshea. Daktari akanishika bega. Akasema, mngekuja Jumamosi angepona.'"

Mgeni mmoja alitoa leso akapenga kamasi. Mwingine, Josephat, karani wa ghala, alitikisa kichwa na kusema, "Ndugu yangu, pole. Na ushenzi huu tutauacha lini?"

"Ndiyo maana nimeandika," alisema Phineas kwa sauti ya chini, kama mtu aliyechoka kwa wema wake.

Loise aliingia na chai. Aliiweka mezani, akamtazama mumewe usoni, akatoka bila kusema karibuni.

*

Ukweli ni kwamba kila kitu katika makala ile kilikuwa sahihi isipokuwa watu. Homa ilikuwapo. Blanketi lilikuwa na mistari myekundu. Mvua ilinyesha, na daktari alisema maneno yale yale. Lakini aliyembeba mtoto alikuwa Priscilla, mama yake Loise, mwanamke wa karibu miaka sitini na goti moja bovu. Na aliyesema tungoje alikuwa Phineas.

Alikuwa amepanda Chawia Jumamosi ile ya Novemba, akamkuta mama mkwe wake tayari anamfunga mtoto mgongoni. Akamzuia. Lori la shamba litakuja Jumatatu, alisema, nitaliagiza mwenyewe. Mtoto wa karani habebwi juu ya milima kama mzigo wa kuni, watu watanionaje? Priscilla alimfungua mtoto. Mkwe amesema, na mkwe amesoma. Jumapili Phineas akateremka Voi. Jumatatu lori halikuja, kwa sababu halikuagizwa na mtu yeyote, na Priscilla akamfunga mtoto tena mgongoni. Loise siku hiyo alikuwa Kaloleni, hajapona uzazi, mtoto wake mchanga Donald akiwa na wiki tatu tu. Hakujua lolote mpaka Jumanne, alipoletewa habari kwamba Mshai amekufa.

Wageni walipoondoka aliingia sebuleni, akasimama.

"Baba Mshai, nani alimbeba mtoto?"

Phineas alikuwa anakunja gazeti taratibu lisiharibike kwenye mikunjo. "Loise, wewe husomi makala, ndiyo maana huelewi kazi yake."

"Nimeuliza, nani alimbeba?"

"Sikiliza. Mtu wa kawaida haamini wazo. Mwambie 'pelekeni watoto hospitali', atasinzia. Lakini mwambie 'mimi mwanangu alikufa mikononi mwangu', ataamka. Atakuamini. Wazo ni lile lile, ila sasa lina mwenyewe. Unaona? Watoto wangapi watapona kwa sababu ya ukurasa huu mmoja?"

"Sijakuuliza watoto wa watu."

"Nikiandika 'mama mkwe wangu alimbeba', mimi nilikuwa wapi? Msomaji atauliza. Nguvu yote imekwisha."

"Si aulize! Hata mimi nauliza. Ulikuwa wapi?"

Hapo Phineas alikohoa tena.

"Na mama yangu umemfanya nini?" Loise sauti ilianza kumpanda, na mtoto mgongoni akashtuka. "Mama yangu ameokoka tangu sijazaliwa. Hajatasa. Umeyatoa wapi ya kutasa?"

"Elsie aliona. Elsie wa kwenu, wa kikundi cha akina mama. Alimwona njiani Jumatatu ile, muwa mkononi, anatema. Aliniambia kwenye matanga. Kwa hiyo si uongo, msingi upo. Tena sikumtaja jina."

"Umeandika 'mama mkwe wangu wa Chawia'. Unao wangapi?"

Phineas alicheka kidogo. Alicheka, jamani. Kisha akasema kwamba mwanamke aliyejifungua juzi hapaswi kujitia hasira, maziwa yanaharibika.

*

Kuna jambo moja zuri kuhusu wauzaji wa soko la Voi: hawafichi mtu kitu. Syombua, Mkamba wa kuuza maharagwe na ndizi, kila wiki alipanda milimani kununua, na kila wiki alirudi na habari. Wiki ya tatu baada ya gazeti alimwita Loise kando ya magunia yake.

"Mama Mshai, kwenu unajua yanayoendelea?"

"Yapi?"

"Mama yako wamemtenga. Mzee wa kanisa kasoma gazeti lote mbele ya watu, mpaka mahali pa muwa. Anakaa benchi la nyuma kabisa, na wale wasiobatizwa. Meza ya Bwana hapewi. Wamemvua kile kitambaa cheupe cha akina mama, tena palepale mlangoni, watu wakiona." Syombua alipangusa mikono kwenye leso yake. "Mimi nilimnunulia ndizi zake. Wengine hawanunui tena. Wanasema mkono ule uliua mtoto."

Loise alikaa juu ya gunia la maharagwe.

"Na mumeo ameandika vizuri," aliongeza Syombua. "Mimi nilisomewa, nikalia. Halafu nikajiuliza, huyu Phineas ninayemjua mimi, ambaye kutoka stesheni mpaka hapa sokoni anakodi mtu wa kumbebea kikapu, ndiye alivuka milima na mtoto mgongoni? Wee! Mwenye macho haambiwi tazama."

Kesho yake Loise alipanda basi la Mwatate, na kutoka pale akapanda kwa miguu, Donald mgongoni. Alimkuta mama yake anapukuchua maharagwe uani. Priscilla alimpokea mtoto, akambusu kichwani, akaendelea na kazi kwa mkono mmoja.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Una mtoto mchanga."

"Ungewaambia wazee ukweli!"

"Niliwaambia. Nilisema, ni mimi niliyembeba. Mzee Gibson akaniuliza, mama, unataka kusema mkweo mwongo? Akaniwekea gazeti mbele yangu. Mimi sijui kusoma, nikaangalia tu. Akasema, imeandikwa hapa, 'mimi niliyekuwapo'. Sasa nimjibu nini mtu wa karatasi?" Alitupa maganda. "Halafu Elsie akasimama, akasema aliniona kwa macho yake. Na kweli aliniona. Nilikuwa na muwa."

"Ulikuwa unatasa?"

Mama yake alimtazama kwa muda mrefu, na Loise akaona haya kwa kuuliza.

"Jumapili hii natubu," alisema Priscilla. "Wamenipa siku. Nasimama mbele, nasema nilitasa, nilimzuia mtoto asiende hospitali, naomba msamaha. Wananirudishia Meza kabla ya Pasaka."

"Utatubu jambo ambalo hukulifanya?"

"Nimechoka, mwanangu. Watoto wa njiani wananikimbia. Wakiniona wanaficha nyuso kwa mama zao. Bora nitubu waniache."

"Ukisema hivyo, mama, basi itakuwa wewe ndiye uliyemuua Mshai. Milele. Hata mimi nikifa, wataendelea kusema. Donald atakua akiambiwa, bibi yako alimuua dada yako, alisema kwa kinywa chake mwenyewe."

Priscilla alipepeta ungo, hakubadilisha neno. Alisema tu kwamba wazee wamemwita na Phineas aje, maana yeye ndiye aliyekosewa.

Loise aliteremka Voi siku hiyo hiyo. Alimkuta mumewe anapiga pasi suruali ya Jumapili, kazi pekee ya nyumbani aliyoijua, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akapiga magoti mbele yake, mwanamke mzima, sakafuni.

"Baba Mshai, nakuomba. Hata usiandike. Gazeti liache lilivyo. Nenda tu Jumapili useme neno moja mbele ya wale watu: hakumzuia mtoto, alimbeba. Basi. Sitakuuliza kitu tena."

Phineas alimwinua. Macho yake yalikuwa na machozi. Yalikuwa karibu siku zote, hiyo ndiyo shida yake.

"Nitasema neno," alisema. "Usijali. Nitasema neno litakaloyamaliza."

Na Loise, kwa sababu alitaka sana kuamini, akaamini.

*

Jumapili kanisa dogo la Chawia lilijaa mpaka madirishani. Hawakuja kwa ajili ya mahubiri. Mtu mzima kutubu hadharani ni tamasha, na mwandishi wa gazeti kuja na tai yake ni tamasha la pili. Phineas alipewa kiti mbele, karibu na wazee. Priscilla alisimamishwa kando ya mimbari, mikono imeshikana tumboni, kichwa kitupu bila kitambaa, kama mtu anayepimwa urefu. Mkwe na mama mkwe wake, uso kwa uso, mbele ya halaiki. Zamani Mdawida, mtu wa milima hii, angekimbilia msituni kuliko kufanya hivyo, lakini haya, maendeleo yamefika.

Mzee Gibson alisimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu anayeogopa watu waliosoma kuliko alivyomwogopa Mungu. Alisema mama huyu amekubali kutubu, lakini kwanza tumsikie baba wa marehemu.

Phineas alifungua karatasi zake. Zilikuwa tatu, zimeandikwa upande mmoja kwa wino wa buluu.

"Mimi niliyekuwapo," alianza, "mimi niliyembeba mwanangu katika mvua ile, ndiye ninayesimama leo, si kushitaki, bali kusamehe."

Loise, upande wa wanawake, alihisi damu ikimpanda masikioni. Kusamehe! Ndilo neno lenyewe lililokuja kuyamaliza.

"Wengi wameniuliza, Phineas, utawezaje kumsamehe? Nami nawajibu, kwa sababu najua uchungu. Asiyeujua uchungu hajui msamaha. Mama mkwe wangu hakujua alitendalo. Alikuwa na muwa, badala ya dawa. Alikuwa na desturi, badala ya elimu. Mimi leo, mbele yenu, namsamehe, na ninaomba kila mmoja wenu arudi nyumbani akajiulize, je, nami..."

"Mlipumzika wapi?"

Sauti ilitoka upande wa wanawake. Watu waligeuka. Loise alikuwa amesimama, Donald mgongoni amelala.

Phineas aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Mama Mshai, tafadhali, tuko kanisani."

"Najua tuko kanisani. Ulipombeba mtoto kwenda Wesu, mlipumzika wapi? Ni mwendo wa asubuhi nzima, hata mwanamume hupumzika."

"Kaa chini, binti," alisema Mzee Gibson.

"Nitakaa, mzee. Ajibu tu. Yeye si ndiye aliyekuwapo?"

Mnong'ono ulipita benchi kwa benchi. Mzee Gibson alimtazama Phineas, akingoja, maana swali lenyewe halikuwa baya. Mtu aliyepita njia hujua njia.

"Tulipumzika mara nyingi," alisema Phineas. "Chini ya mti."

"Mti gani?"

"Mti... mkubwa."

Mtu mmoja dirishani alicheka kabla ya kujizuia.

"Kijito cha pili ulikivuka wapi, na maji yalikuwa yamejaa?"

"Darajani."

Sasa walicheka wengi. Kwenye kijito kile hakuna daraja, hakujawahi kuwa na daraja, na kila aliyekuwa mle ndani amewahi kulowa magoti pale.

"Mtoto alikuomba nini njiani?"

"Aliomba maji!" Phineas alishika neno hilo kama mtu aliyeona kamba. "Alikuwa na homa, maskini, aliomba maji. Nikampa."

Na hapo Priscilla, ambaye tangu aingie hakuwa ameinua uso, alitikisa kichwa. Hakukusudia kubisha. Ilikuwa kama mtu anayemrekebisha mtoto aliyekosea kuhesabu.

"Hakuomba maji," alisema. "Maji aliyakataa. Yalikuwa yanamtapisha."

Watu wa madirishani walisukumana wapate kumsikia.

"Jumatatu ile," alisema Loise, na sasa sauti yake ilikuwa imetulia, "mume wangu alikuwa nyumbani kwangu Kaloleni. Alirudi saa sita kutoka afisini, akala kimanga cha muhogo, akasema kimekosa chumvi. Mimi ndiye niliyempakulia. Na mimi nasema, mbele ya Mungu, nilikuwapo. Mama, waambie. Mtoto aliomba nini?"

Priscilla alipitisha ulimi midomoni.

"Aliomba muwa," alisema. "Tulipofika kijito cha pili. Tulikuwa tumekaa juu ya jiwe lile la kufulia, mimi goti limenishinda. Akaona muwa wa Elsie pale ukingoni. Akasema, bibi, muwa. Nikasema huo si wetu. Akasema tena, bibi, muwa." Alimgeukia Elsie, aliyekuwa benchi la mbele na kitambaa chake cheupe. "Elsie, nilivunja mmoja. Sikukuomba ruhusa. Hilo nilitaka kulitubu tangu siku ile, ila hawakuniuliza hilo."

Elsie alikuwa amefungua mdomo.

"Meno yake hayakuwa na nguvu. Basi nikawa natafuna mimi, natema makapi, maji nampa kinywani kwa kinywa changu, kama kinda la ndege. Mengine yalimmwagikia kifuani, alikuwa anatetemeka. Alimeza mara tatu. Akasema, bibi, ni tamu." Alijipangusa mdomo. "Hakusema kitu tena baada ya hapo. Nikamfunga, tukaenda."

"Makapi," alisema Elsie. Alisimama, akashika benchi. "Nilikuwa ng'ambo, juu ya shamba. Nilimwona anapeleka muwa mdomoni na anatema, anatema. Nikasema, huyu mama na wokovu wake, kumbe anatasa. Sikumwona mtoto, blanketi lilikuwa limemfunika. Ee Bwana! Sikuteremka hata kumsalimu. Ningeteremka ningemsaidia kubeba." Alijivua kitambaa kichwani akakishikilia mkononi, hajui akiweke wapi.

Wanawake walianza kulia, si kile kilio cha heshima cha kanisani, bali kilio chenyewe. Mzee Gibson alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa ameitembea yote akiwa na gazeti mkononi.

"Phineas," alisema hatimaye, "mwanangu, ni kweli?"

Ungefikiri hapo mtu angepasuka. Ungefikiri angalau angeinama. Phineas alitazama huku na huku, akatabasamu kwa huzuni, yale matabasamu yake, akasema, "Mzee, mwandishi hujiweka mahali pa wengine. Ndiyo kazi. Lakini mnaona jinsi jambo lilivyowagusa? Wazo limefika."

Mzee Gibson alimgeuzia mgongo, akateremka kutoka mimbarini kwa shida, akamshika Priscilla mikono yote miwili. Alimwambia, sauti ikimkatika, kwamba Meza ya Bwana ni yake kuanzia leo, na kwamba atakayehitaji kusimama hapa Jumapili ijayo kutubu ni yeye mzee mwenyewe. Watu walitoka kwenye mabenchi wakamzunguka mama yule. Wengine walitaka tu kumgusa. Yeye alikuwa anasema, "Basi, basi, inatosha," kama mtu anayezuia kuongezewa chakula.

Loise alipita kando ya kiti cha mumewe kumfikia mama yake. Phineas alikuwa amegeuza zile karatasi tatu upande wa nyuma, upande mtupu. Alikuwa analia, machozi ya kweli yanamdondoka mpaka kwenye tai.

"Mzee," alimwambia mzee mmoja aliyeketi karibu naye, "nisaidie penseli."

Yule mzee, kwa mazoea ya kuwatii makarani, akampa.

Loise alisoma juu ya bega lake. Darasa la nne lilimtosha. Mwandiko ulikuwa wa haraka, lakini unasomeka: Mimi niliyekuwapo ndiye ninayewaambia. Tulipofika kijito cha pili, mwanangu aliniomba muwa. Nikautafuna, nikampa maji yake kwa kinywa changu, kama kinda la ndege. Akameza mara tatu, akaniambia, Baba, ni tamu.

Alisoma mpaka nukta. Hakumpokonya karatasi, hakupiga kelele. Alikaza nguo ya mgongoni Donald asilegee, akapenya katikati ya watu, akamshika mama yake kiwiko.

"Twende nyumbani, mama. Mimi Voi sirudi."

Priscilla alimtazama, akamtazama yule pale mbele aliyeinama juu ya magoti yake, anaandika, anafuta, anaandika. Hakuuliza kwa nini. Walitoka, na watu wote wakawafuata uani, Elsie mbele yao akibeba kitabu cha nyimbo cha Priscilla kama kitu kitakachovunjika.

Phineas aliandika mpaka karatasi ya kwanza ikajaa. Kisha akasita. Jambo lilikosa kitu kidogo, jambo la kuliona kwa macho, lile linalomfanya msomaji aamini.

"Mama," aliita bila kuinua kichwa, "muwa wenyewe ulikuwa mweupe au mwekundu?"

Alipoinua kichwa, kanisa lilikuwa tupu.